Uvimbe Husogeza Alama

Kati ya ubongo mkubwa na uti wa mgongo kuna kipande cha sentimita 7 au 8 ambacho hakina nafasi ya akiba. Hilo ndilo shina la ubongo. Kila amri inayotoka kichwani kwenda mkononi au mguuni hupita hapo, na kila habari ya maumivu, joto na mguso hupanda kwa njia hiyo hiyo. Mle mle mna viini vya neva zinazogeuza macho, zinazofumba kope, zinazotikisa ulimi na kumezesha chakula, pamoja na vituo vinavyoendesha pumzi na mapigo ya moyo. Kwingine kwenye ubongo mtu anaweza kupata jeraha dogo asilitambue maisha yake yote. Hapa milimita mbili zinatosha kumfanya ashindwe kumeza mate yake mwenyewe. Ndiyo maana kwa miaka mingi uvimbe wa ndani ya shina ulihesabiwa kuwa haugusiki, na mgonjwa alipelekwa kwenye mionzi au akarudishwa nyumbani. Mtazamo huo ulianza kubadilika miaka ya 1980, hasa kwa kazi ya Fred Epstein huko New York, aliyeonyesha kwamba uvimbe wa shina si wa namna moja. Ule unaotambaa katikati ya nyuzi za ponsi, sehemu ya kati ya shina, kweli hauondoleki kwa kisu mpaka leo, lakini uliojikusanya mahali pamoja, au unaochomoza kwa nje, unaweza kuondolewa kwa sehemu kubwa. Tangu hapo swali gumu zaidi limekuwa wapi pa kuingilia.

Njia inayotumika sana ni ya nyuma. Mgonjwa hulazwa kifudifudi, mfupa wa kisogo hufunguliwa, ubongo mdogo husogezwa polepole, na chini yake huonekana sakafu ya chemba ya nne ya ubongo, ambayo ndiyo mgongo wa shina lenyewe. Kwa darubini ya upasuaji ni eneo dogo lenye weupe wa maziwa, linalong'aa kwa maji ya ubongo, lenye mfereji mwembamba katikati na kijilima kimoja kila upande. Kitabu cha anatomia kinasema chini ya kijilima kile kuna kiini cha neva ya sita, inayogeuza jicho kwenda nje, na kwamba nyuzi za neva ya saba, ile ya uso, hukizunguka kiini hicho kabla hazijatoka kwenda shavuni. Ukishuka karibu na ncha ya chini utakuta kiini cha neva ya kumi na mbili, ya ulimi, na jirani yake viini vya neva za kumeza na za sauti. Mwaka 1993 madaktari wa Japani wakiongozwa na Kyoshima walieleza pembetatu mbili ndogo, moja juu ya kijilima na nyingine chini yake, ambamo kisu kinaweza kupita bila kuharibu mengi. Ni maarifa ya thamani, ila yanategemea shina lenye umbo lake la kawaida, na hakuna anayefungua shina lenye umbo la kawaida. Uvimbe husukuma. Kijilima hutanuka kikapotea, mfereji hupinda upande mmoja, na wakati mwingine sakafu yote huwa tambarare, haina hata alama moja ya kushika.

Hapo ndipo umeme unapohitajika. Mgonjwa akiwa amelala usingizi wa dawa, sindano nyembamba huchomekwa jozi kwa jozi kwenye misuli inayohusika: kope, pembe ya mdomo, ulimi, ukuta wa koo. Kwa nyuzi za sauti hutumika bomba la kupumulia lenye elektrodi zinazozigusa. Daktari hushika kijiti chenye ncha isiyofika milimita moja na kuigusisha kwenye sakafu ya chemba. Ncha hutoa mpigo mfupi wa umeme, sehemu mbili za kumi za milisekunde, mara chache kwa kila sekunde, kwa kuanzia karibu na miliampia 2. Kama chini yake kuna kiini cha neva ya uso, mstari uliokuwa umelala kwenye skrini huruka na spika hutoa mlio mkavu, ko, ko, ko. Kisha umeme hupunguzwa hatua kwa hatua huku ncha ikihamishwa kidogo kidogo, mpaka ipatikane sehemu inayojibu kwa kiwango cha chini kuliko zote. Kiini kiko hapo. Kupunguza huko ndiko kazi yenyewe, maana umeme wa nguvu husambaa na kuamsha kitu kilicho milimita kadhaa kando, daktari akadhani amekifikia kumbe amekisikia kwa mbali. Fundi umeme mwenye akili hatoboi ukuta kwa sababu tu anajua nyaya kwa kawaida hupita wapi; anapima kwanza, tena anapima ukuta huo huo anaotaka kuutoboa.

Wazo lenyewe ni la kale. Julai 1898, daktari Fedor Krause alipokuwa akikata neva ya kusikia ya mgonjwa aliyeteswa na mvumo wa sikio, aligusa neva ya uso kwa umeme dhaifu na kuona misuli ya uso upande ule ikijikunja. Kilichongoja karibu karne nzima ni kuipeleka mbinu hiyo kwenye shina lenyewe. Strauss na wenzake nchini Ujerumani walichapisha matokeo yao mwaka 1993, na Morota, Deletis na Epstein huko New York mwaka 1995. Kazi ya kundi hili la pili ndiyo inayonishawishi zaidi, kwa kuwa ilionyesha pia viini vinahamia upande gani. Uvimbe wa sehemu ya juu ya ponsi huvisukuma viini vya neva ya uso kuelekea chini, na wa sehemu ya chini ya ponsi huvipandisha. Uvimbe wa medula, sehemu ya chini ya shina, mara nyingi huvibana viini vya ulimi na koo upande wa mbele, mbali na macho ya daktari. Ule ulio kwenye maungio ya medula na uti wa mgongo huvisukuma viini hivyo hivyo juu. Maana yake ni kwamba kosa la kutegemea macho halitokei ovyo. Daktari anayefuata kitabu kwa uaminifu mkubwa anaweza kupasua moja kwa moja mahali ambapo kiini kimehamia.

Lakini isidhaniwe kwamba kijiti hiki kinaona yote. Kinatambua viini vya misuli tu. Njia zinazoshuka kutoka ubongo mkubwa kuja kwenye viini hivyo hakizipimi, kwa hiyo kiini kinaweza kuendelea kujibu vizuri wakati amri ya kukiendesha imekwishakatwa juu yake. Kumeza nako ni mzunguko. Kuna neva zinazoleta hisia za koo na kuna zinazorudisha amri, na kijiti hupima upande wa amri peke yake. Mgonjwa anaweza kuamka akiwa na misuli mizima ya koo ambayo haijui lini ifanye kazi. Zaidi ya hayo, ramani inayochorwa mwanzoni huanza kupitwa na wakati mara uvimbe unapopunguzwa na tishu kuanza kurudi mahali pake. Kwa sababu hizo hospitali kubwa huongeza kipimo kingine kinachoendelea muda wote wa upasuaji. Ngozi ya kichwa husisimuliwa kwa mfululizo mfupi wa mipigo juu ya eneo la ubongo linaloendesha uso, na jibu hupokelewa kwenye misuli ya uso na koo. Na kuna hatari ndogo ya wazi: umeme kwenye medula unaweza kupunguza mapigo ya moyo ghafla, kwa hiyo mtaalamu wa usingizi hapaswi kuiacha mashine yake hata kwa dakika moja.

Basi yote haya yanauhusu nini mji wa Mbarara? Hospitali ya rufaa ya mkoa iliyopo pale ndiyo mlango mkuu wa kusini-magharibi mwa Uganda, na ndiyo inayofundishia wanafunzi wa udaktari wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, kilichoanzishwa mwaka 1989. Wagonjwa wa rufaa kutoka makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, huelekezwa huko. Nakivale ilianzishwa mwaka 1958, na leo inakaliwa na watu zaidi ya laki moja: Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali na wengineo. Mwenye busara atauliza kwa nini tuzungumzie sindano za kope na nyuzi za sauti wakati wapo wanaofika wakiwa wamechelewa miezi kadhaa, na wakati vitanda vya wagonjwa mahututi havitoshi. Pingamizi hili ni zito na sehemu yake nalikubali bila ubishi. Pasipo kitanda cha wagonjwa mahututi, mashine ya kupumulia na muuguzi wa usiku, shina la ubongo lisifunguliwe, uwe na ramani au usiwe nayo. Mgonjwa huyo apelekwe hospitali ya Mulago, ambako upasuaji wa ubongo ulianzishwa na Ian Bailey mwaka 1969 na ambako tangu 2007 ushirikiano na Chuo Kikuu cha Duke, chini ya Michael Haglund, umesaidia kuleta vifaa na kufundisha madaktari.

Sehemu ya pili ya pingamizi, inayosema kwamba kipimo hiki ni anasa ya matajiri, naiona imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Chukua jicho lisilofumba. Mgonjwa wa Hamburg aliyepoteza neva ya uso atapewa matone na marhamu, atashonwa kope kwa muda, ataonwa na daktari wa macho kila baada ya wiki chache. Mgonjwa yuleyule akirudi Nakivale wakati wa kiangazi, jicho lake litakuwa wazi usiku na mchana mbele ya vumbi na moshi wa kuni. Kioo cha jicho kitakauka, kitapata kidonda, na huenda akalipoteza jicho kwa jambo ambalo kwingine ni usumbufu wa miezi michache. Chukua kumeza. Pale penye mtaalamu wa kurekebisha usemi na umezaji, na chakula maalumu cha mpira wa tumboni, mgonjwa anaweza kuvuka miezi sita ya hatari. Pale ambapo mama ndiye anayemlisha uji kwa kijiko, uji huo utaingia mapafuni, na nimonia itamaliza kilichoachwa na uvimbe. Gharama ya neva iliyokatwa haiko sawa kila mahali. Kadiri huduma za baada ya upasuaji zilivyo chache, ndivyo milimita ile inavyozidi kuwa ghali, na ndivyo kipimo kinachoilinda kinavyozidi kustahili fedha.

Hoja ya namna hii imekwisha kufanyiwa kazi Uganda kwenyewe. Katika hospitali ya watoto ya CURE mjini Mbale, daktari Benjamin Warf alikuta watoto wengi wenye kichwa maji, wengi wao kutokana na maambukizi ya mapema. Tiba ya kawaida ilikuwa mpira wa kupitisha maji kutoka ubongoni hadi tumboni. Mpira huziba, na mtoto aliye mbali na hospitali anaweza kufa kabla haujabadilishwa. Warf akachagua mbinu iliyoonekana kuwa ya kitaalamu zaidi: darubini nyembamba inayotoboa sakafu ya chemba ya tatu, mbele kidogo tu ya shina la ubongo, na kuchoma tishu zinazotengeneza maji. Umbali na umaskini ndivyo vilivyoifanya mbinu hiyo ifae. Nakumbusha pia kwamba Mbale hawakuridhika na kusifiwa. Waliwagawa watoto 100 kwa bahati nasibu kati ya mbinu hizo mbili, wakachapisha matokeo mwaka 2017, na matokeo hayakuonyesha tofauti kubwa ya ukuaji wa akili katika mwaka wa kwanza. Walichopata ni ushahidi kwamba mtoto anaweza kuepushwa na mpira bila kulipia kwa akili yake.

Hapo pingamizi jingine linajitokeza lenyewe, na ndilo ninaloliheshimu zaidi. Upimaji wa shina kwa umeme haujasimama juu ya jaribio la namna ile ya Mbale. Unasimama juu ya taarifa za wagonjwa waliopasuliwa katika hospitali zenye ujuzi mkubwa, na madaktari wenye mkono mzuri ndio hao hao wanaopenda vipimo vizuri. Nani atatenganisha sifa ya kijiti na sifa ya mkono? Wengine huongeza kwamba daktari anayesikia ko, ko kila anapogusa ataogopa, ataacha uvimbe mwingi, na mgonjwa atarudi baada ya mwaka. Jibu langu ni la nusu. Ni kweli hatuwezi kutaja kwa namba ni nyuso ngapi zimeokolewa. Lakini kwamba uvimbe huhamisha viini ni jambo lililoonwa moja kwa moja, halikukisiwa, na anayelikubali hawezi kutetea kuingia kwa kubahatisha. Kuhusu woga, kipimo hufanya kazi pande zote mbili: mahali palipo kimya kwa umeme wa kutosha humpa daktari ruhusa ambayo macho yake yasingempa. Sharti ni kwamba ukimya huo uwe wa kweli.

Na ukimya wa uongo ni rahisi kuupata. Dawa za kulegeza misuli, ambazo hutumika katika karibu kila upasuaji mkubwa, huziba mawasiliano kati ya neva na msuli. Zikibaki mwilini, kijiti kitagusa kiini chenyewe na skrini isiseme neno. Kwa hiyo dawa hiyo hutolewa mwanzoni tu, wakati wa kuingiza bomba, kisha huachwa iishe, na mgonjwa huendelea kulazwa kwa propofol na dawa ya maumivu kupitia mshipa, kwa kuwa gesi za usingizi hudhoofisha majibu yale yanayopimwa kutoka kichwani. Kuthibitisha kwamba misuli imeamka, mtaalamu wa usingizi hupiga neva ya kifundo cha mkono mipigo minne na kutazama kidole gumba kama kinaitika mara nne kwa nguvu ileile. Kifaa cha kufanyia hivyo hutoshea mkononi. Tatizo jingine ni umeme wa jengo. Majibu ya misuli hupimwa kwa mikrovolti, na mtetemo wa hezi 50 kutoka kwenye nyaya, jenereta au waya wa ardhi uliofungwa vibaya huyafunika kabisa. Mtu aliyezoea kudhani kwamba mashine ya bei kubwa ndiyo kikwazo ashangae kidogo hapa: mara nyingi kinachozuia kazi ni soketi, na sindano za kutumia mara moja ambazo zikiisha hazina kasma ya kuagizia nyingine. Mashine hufadhiliwa, sindano hazina mfadhili.

Upande wa mafundi, Mbarara haianzi kutoka sifuri. Mwaka 2022 chuo kikuu kilipokea vipande vya mashine ya MRI ya sumaku dhaifu kutoka kwa washirika wa Uholanzi, na timu ya wenyeji pamoja na Johnes Obungoloch wa idara ya uhandisi wa vifaa vya tiba ikaiunganisha pale pale. Picha za kwanza zilipatikana takriban siku 11 tangu vipande hivyo vifike. Sumaku yake ni ya karibu militesla 50, wakati MRI za kawaida hospitalini huwa na tesla 1.5, takriban mara thelathini. Iliundwa kwa kufikiria watoto wenye kichwa maji, na kwa kazi hiyo picha hafifu hutosha. Kiini cha neva ya uso haiwezi kukionyesha, na hata mashine ya tesla 3 haimletei daktari jibu la kutegemea kuhusu mahali kiini kilipo pembeni mwa uvimbe. Nataja jambo hili kwa sababu wapo wanaosema tungoje kwanza picha bora. Picha bora haitachukua nafasi ya umeme. Lakini watu wanaoweza kusawazisha sumaku kwa mikono yao wanaweza kuweka waya wa ardhi sawasawa, kulinda kifaa cha kupimia dhidi ya umeme wa ukutani, na kukitengeneza kikiharibika. Kukiunda nyumbani ndilo nisilolishauri. Kifaa kinachopeleka umeme kwenye medula ya mtu kinahitaji ulinzi uliothibitishwa.

Wala shina la ubongo si mahali pa kujifunzia. Neva ya uso hupita pia kwenye tezi ya mate mbele ya sikio, na kando ya uvimbe wa neva ya kusikia, ambako inaonekana kwa macho na kuguswa kwa kijiti kilekile. Timu inayopasua tezi hizo ikiwa na sindano kwenye kope na mdomo, bila dawa ya kulegeza misuli, itajifunza karibu kila kitu: usingizi wa namna hiyo, kelele za jenereta, tofauti ya jibu la kweli na la kusambaa, na mazungumzo mafupi kati ya anayepasua na anayesoma skrini. Pasipo skrini, hata mkono wa muuguzi uliowekwa shavuni chini ya shuka la upasuaji husaidia kidogo, ingawa hauhisi majibu madogo na humlazimu daktari atumie umeme mkubwa zaidi. Kwa matumizi ya kwanza ya mkoa huu ningenunua sindano za mwaka mzima na kumlipia masomo mtaalamu mmoja wa usingizi kabla ya kuagiza mashine yenye njia 32.

Kuna kipimo kimoja ambacho hakigharimu sindano na ambacho bila hicho skrini hudanganya. Msuli uliokwisha kudhoofika kabla ya upasuaji hujibu hafifu, na asiyejua hilo atadhani ameharibu yeye, au atapandisha umeme akitafuta jibu ambalo halipo. Kwa hiyo hali ya mgonjwa iandikwe siku moja kabla, neva kwa neva: anaona kitu kimoja au viwili akitazama kulia, anafumba macho yote mawili kwa nguvu sawa, ulimi unaelekea upande gani, maji yanampalia au hayampalii, sauti imebadilika tangu lini. Wodini wengi huzungumza Runyankole au Kiingereza, na mama Mkongo wa Kivu aliyemleta mwanawe kutoka Nakivale hujibu vizuri zaidi kwa Kiswahili. Aulizwe kwa lugha hiyo, na aulizwe yeye, kwa kuwa ndiye aliyegundua kwamba mtoto ameanza kukohoa kila anapokunywa chai.